Ukitaka kufunga kipande cha bahari, anza na atakayekikosa

Mimi si mtaalamu wa bahari. Nilikuwa karani wa kamati: mshika daftari, mwandika mahudhurio, mtu wa kutumwa kamba na saruji. Kazi hiyo nimeifanya kwenye maeneo mawili ya pwani yaliyotengwa ili samaki wapumue na watoto wapate darasa la bahari. La kwanza lilitufia mikononi mwezi wa nane. La pili lipo mpaka leo. Mengi ya haya niliyajua kwa kukosea, basi wewe unayetaka kuanza, yachukue yakiwa yameshalipiwa.

Mkubaliane kwanza mnafunga nini

Mkutano wetu wa kwanza kabisa tulipiga kura ya "kulinda bahari". Mikono yote juu. Nani atakataa kulinda? Wiki ya pili ikabainika nusu ya watu walidhani mshipi unaruhusiwa, na wengine walidhani wanaofukuzwa ni wageni tu.

Usiulize watu kama wanataka hifadhi. Uliza kwa vitu vya mkononi, kimoja kimoja: mshipi unaingia? Mtego wa dema? Kuchokoa pweza? Kuokota makombe? Kutia nanga? Kupita tu na chombo? Kuogelea? Andika "ndiyo" au "hapana" mbele ya kila swali, na usome kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Ukitoka hapo na maswali saba yenye majibu, umeshapiga hatua kuliko kamati nyingi zilizo na katiba ya kurasa ishirini.

Rai yangu mwenyewe: bora kipande kidogo kilichofungwa kwelikweli kuliko ghuba nzima yenye masharti nusunusu. Mwaka 2014 Graham Edgar na wenzake walichapisha uchunguzi wa maeneo 87 ya bahari yaliyohifadhiwa sehemu mbalimbali za dunia. Walitaja mambo matano yanayoleta tofauti: eneo liwe limefungwa kabisa, lilindwe kweli, lipite miaka 10, lizidi kilomita za mraba 100, na liwe limetengwa na mengine kwa kina kirefu au mchanga. Zaidi ya nusu ya maeneo yale yalikuwa na jambo moja au mawili tu, na samaki wake hawakutofautiana na wa maeneo yanayovuliwa. Ukubwa wa kilomita 100 sisi watu wa kijiji hatuuwezi. Kufunga, kulinda na kuvumilia tunaweza. Kisiwa cha Apo, Ufilipino, kilianza mwaka 1982 na kipande cha ufuo cha kama nusu kilomita hivi, kwa msukumo wa Angel Alcala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Silliman, na kikawa mfano unaotajwa hadi leo.

Swali litakalokuja ni hili: samaki akikaa ndani ya mpaka, mimi wa nje napata nini? Hapo nilikuwa nachukua kijiti nachora samaki wawili mchangani, wote wa jamii moja ya samaki wekundu (red snapper) wanaovuliwa Ghuba ya Meksiko: mmoja wa sentimita 42, mwingine wa sentimita 61. Nawauliza, huyu mkubwa anataga mayai sawa na wadogo wangapi? Watu hujibu watatu, watano, aliyechangamka kumi. Jibu ni 212. Ukimwacha mama mkubwa mmoja umewaacha wale mia mbili na kitu, na mayai hayajui boya liko wapi, yanakwenda na mkondo. Mchoro ule ulifanya kazi kuliko mabango yote tuliyopewa.

Nani anapita pale?

Hapa ndipo eneo la kwanza lilipokufa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tuliita wavuvi. Wakaja manahodha, wenye vyombo, wenye nyavu. Wakachagua wenyewe eneo la kufunga: uwanda wa mwamba na nyasi bahari ulio karibu na nchi kavu. Walikubaliana haraka, bila hata sauti kupanda, nami nikaandika kwenye daftari "makubaliano ya pamoja", nikijiona karani hodari. Wepesi ule ungepaswa kunishtua. Walikubali haraka kwa sababu hawakuwa wakivua pale.

Bamvua la kwanza baada ya kufunga, maji yalipokupwa mpaka mwamba ukabaki wazi, nilikuwa nimesimama ufukweni na kofia ya kamati. Wakatokea wanawake na ndoo, na vijana wawili watatu wenye vyuma vya kuchokolea pweza. Niliwahesabu mpaka arobaini nikaacha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha yangu ya mahudhurio. Mkutano tuliufanya saa nne asubuhi, siku ya maji kupwa, yaani wakati wenyewe walikuwa kazini palepale tulipokuwa tunapajadili. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mmemfungia nani?" Sikuwa na jibu, wala sina hadi leo.

Basi fanya hivi. Kabla ya mkutano wowote, kaa ufukweni siku 14 mfululizo, ili uone bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi na jioni, na usiku mara mbili tatu. Andika kila anayeingia: anatoka upande gani, ana zana gani, anabeba nini akirudi. Usiandike majina, watu watadhani wewe ni mkusanya kodi. Baada ya hapo itisha mikutano midogo kwa kazi: wachokoaji peke yao, wa madema peke yao, wanaokausha mwani peke yao, wenye boti za wageni peke yao. Kila kundi lipe karatasi lichore linapopita. Ziweke karatasi zote juu ya kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, mwanga upite. Palipo peusi zaidi pana watu wengi. Ukipafunga hapo umejitafutia vita. Palipo peupe kabisa huenda hapana samaki pia, ukipafunga umejidanganya. Tafuta pa kijivu.

Halafu waulize wale watakaopoteza zaidi wachore mpaka wao kwanza. Wengine warekebishe baada yao. Utaratibu huu unachukua muda na unaudhi wakubwa. Eneo letu la pili lilichukua mwaka na miezi mitatu kwenye karatasi. Nilipochoka nilijikumbusha hifadhi ya bahari ya Leigh, kule New Zealand: wazo lilitolewa mwaka 1965, sheria ikapitishwa 1971, eneo likatangazwa 1975. Bill Ballantine, mwanabiolojia aliyelipigania, alikuwa na subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo.

Katika kuchagua pa kijivu, jitahidi mpaka uanze kwenye mikoko au nyasi bahari uende hadi mwambani. Samaki wengi, changu miongoni mwao, hukulia kwenye nyasi na mizizi ya mikoko kisha huhamia kwenye matumbawe wakikomaa. Ukifunga mwamba peke yake umelinda nyumba ukaacha kitalu. Umbo liwe la mraba au karibu na mraba. Ukanda mrefu mwembamba una mpaka mwingi na tumbo dogo. Na uwe mkweli: chewa, pono na changu watanufaika kwa sababu hawahami mbali. Jodari anapita tu. Ukimwahidi mvuvi wa jodari, atakudai.

Karatasi

Unahitaji makubaliano ya wanajamii na idhini ya mamlaka inayosimamia uvuvi au bahari. Nchi nyingi bahari ni mali ya umma, na makubaliano ya kijiji peke yake hayamfungi mgeni anayetoka mbali. Kenya vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vina mlango wake kisheria. Ufilipino manispaa zina mamlaka ya kilomita 15 kutoka ufukweni. Ulizia kwenu mlango ni upi, na upate nakala ya sheria yenyewe usome, usitegemee kusimuliwa.

Sehemu moja ya karatasi inahitaji jicho kali: namba za mahali. Kuna namna ya kuandika kwa digrii na dakika, na kuna ya digrii zenye desimali. Mimi nilisoma dakika 30 kwenye kifaa nikaandika desimali 30, yaani 0.30 badala ya 0.50. Kosa la dakika 12 tu. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, hivyo nilikuwa nimelihamisha eneo letu kilomita 22 hivi. Ramani rasmi ilipochapwa, nusu ya hifadhi yetu ya bahari ilikuwa juu ya mashamba. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini kusahihisha kulitula miezi minne. Kabla hujatia saini, mpe mtu mwingine namba zile aziingize kwenye simu yake aone nukta inaangukia wapi.

Zaidi ya namba, andika mpaka kwa macho ya nahodha: "mnara wa simu ukilala mstari mmoja na mti mrefu wa shuleni". Alama mbili za nchi kavu zikishikana, umefika mpakani. Haziibiwi wala hazisombwi na mawimbi.

Maboya

Maboya yetu ya kwanza yalikuwa madumu ya lita ishirini yaliyopakwa rangi. Dumu zuri namna hiyo haliishi siku kumi baharini. Yalikwenda kuteka maji majumbani. Lililobaki lilikuwa limepasuka.

Uzito wa chini uweke mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Kumbuka saruji hupoteza uzito ikizama: tofali la kilo 100 huwa na nguvu ya chini kidogo ya kilo 60 ndani ya maji. Sisi tulitengeneza la kilo 50, tukashangaa boya limetembea. Kamba ipimwe kwa kina cha bamvua la maji kujaa, kisha uongeze kidogo, la sivyo boya litazama siku ya maji makubwa au litanyanyua tofali. Ikiwa ndefu na ni ya plastiki inayoelea, maji yakipwa itatandaa juu na kunaswa na pangaboi la boti. Ikiwa ni ya nailoni inayozama, itasugua chini na kukwanyua kila kitu. Dawa yake: tumia inayozama, kisha funga kiboya kidogo karibu na theluthi ya chini ili kamba isimame wima isiguse sakafu. Viungo vya chuma vyenye pini vifungie pini kwa waya, maana mtikisiko wa mawimbi huifungua taratibu usiku na mchana. Kila miezi miwili mtu azame asafishe mwani na chaza wadogo. Boya lenye ndevu linakuwa zito na siku ya upepo linakatika.

Karibu na hapo weka boya la kufungia vyombo vya wageni na wanafunzi. Nanga moja ikiburutwa asubuhi moja huvunja matumbawe yaliyochukua miongo kukua.

Hesabu kabla ya kufunga

Usipohesabu kabla, miaka mitano baadaye utabaki na hadithi tu. Tandaza utepe wa mita 50 chini ya maji, ungoje dakika chache samaki waliokimbia warudi, kisha ogelea taratibu ukihesabu walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande. Tandika mara nne ndani ya eneo na mara nne nje, mahali panapofanana napo panapoendelea kuvuliwa. Hapo pa nje ndipo wengi husahau, na bila hapo huwezi kujua kama samaki wameongezeka kwa sababu ya mpaka au mwaka ulikuwa mzuri tu. Chagua aina kumi zinazojulikana na kila mtu, si mia.

Karatasi ya chini ya maji haihitaji kununuliwa. Chukua kifuniko cheupe cha ndoo ya rangi, kisugue kwa msasa mpaka kikwaruze kidogo, toboa tundu, funga uzi na kalamu ya risasi. Inaandika majini vizuri kabisa, na jioni unaifuta kwa mchanga.

Ulinzi

Walinzi watoke kwa waliopoteza eneo. Chumbe, Zanzibar, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1994, iliwafundisha waliokuwa wavuvi wakawa walinzi na waelekezaji, nao wanajua ujanja wote kwa sababu walikuwa wanaufanya. Mlinzi mpe tochi, daftari na simu. Faini aiachie mamlaka.

Mkosaji wa kwanza ndiye atakayeamua mustakabali. Kwetu, eneo la kwanza, alikuwa ndugu wa mkubwa mmoja wa kamati. Aliachiwa kwa "onyo la mdomo". Kesho yake waliingia sita, na baada ya mwezi maboya yalikuwa mapambo. Eneo la pili tuliandika mapema: kosa la kwanza jina linasomwa mkutanoni, liwe la nani. Wa kwanza kusomwa akawa shemeji yangu. Hatukusemezana mwezi mzima, ila eneo lilisimama.

Kama watu wako hawaamini kabisa, anza na pweza. Mwaka 2004 wavuvi wa kabila la Wavezo wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo hata miezi miwili au mitatu ya kufunga inaonekana kwenye mzani. Watu wakishaona kwa macho, mazungumzo ya kufunga moja kwa moja yanakuwa mepesi. Vijiji vingi kule vilifuata. Angalizo: siku ya kufungua kila mtu huja, hata asiyechokoa kamwe, na mwamba hukanyagwa vibaya. Gawa siku kwa zamu.

Darasa

Watu wengi huishia kwenye bango. Bango hukaa, jua hulichuja, na mwisho mtu huanika nguo juu yake.

Darasa letu ni mraba wa bomba la plastiki, mita moja kwa moja, tuliotoboa matundu ili ujae maji uzame. Watoto sita na mtu mzima mmoja, siyo zaidi. Viatu vya kufunika vidole. Mraba unalazwa kwenye nyasi bahari au kwenye jabali, watoto wanachuchumaa, na kwa dakika kumi hakuna kuzungumza, ni kutazama tu. Dakika tatu za mwanzo wanasema hakuna kitu. Ya nne mmoja anaona jiwe linatembea. Kisha wanahesabu na kuandika kwenye vifuniko. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana lililo chini yake linakufa kwa jua.

Wafundishe mapema visivyoshikwa: kombe wa umbo la koni hata akiwa mzuri vipi, na samaki jiwe anayejificha mchangani. Akichoma mtu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, ukiyajaribu kwanza kwa mkono wako, na safari ya hospitali ianze. Chupa ya chai ya maji moto huwa kwenye mkoba wangu kila darasa.

Somo ambalo halijawahi kuniangusha ni la wale wanyama wa mviringo (sea urchin kwa Kiingereza) wenye miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguu. Watoto huwachukia, huuliza kwa nini wapo wengi upande wa nje wa mpaka. Unawageuzia: nani anawala? Samaki aitwaye kikande. Kikande yuko wapi? Ameliwa. Utafiti wa miaka mingi wa Tim McClanahan kwenye pwani ya Kenya umeonyesha hilo: kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba wanazidi, nao wanauguguna mwamba. Leigh ilikuwa hadithi ileile kwa wanyama wengine. Kambakoche na samaki wakubwa waliporudi, waliwala wenye miiba, na msitu wa mwani ukaota tena. Baada ya somo hili watoto wakahesabu wenyewe ndani na nje, na namba zao ndizo tunazozisoma mkutanoni. Mzee anaweza kumbishia mtaalamu. Kumbishia mjukuu wake mwenye kifuniko cha ndoo mkononi ni kazi.

Muda

Ada za wageni zinasaidia, lakini usijenge kila kitu juu yake. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wageni waliisha duniani kote ndani ya wiki chache. Na usiahidi upesi. Pweza ni miezi, chewa mkubwa ni miaka mingi. Hifadhi ya bahari ya Cabo Pulmo, Meksiko, ilitangazwa mwaka 1995. Wapimaji waliona uzito wa samaki wote ukipanda kwa asilimia 463 kati ya 1999 na 2009. Tena mpaka hauzuii maji ya joto: matumbawe yalipauka sehemu nyingi za dunia mwaka 1998 na tena 2016, yaliyolindwa na yasiyolindwa. Waambie hivyo siku ya kwanza.

Ombi la kufungua litakuja. Kisiwa cha Sumilon, Ufilipino, sehemu ya mwamba wake ilifungwa mwaka 1974. Ulinzi ulipovunjika mwaka 1984 wavuvi waliingia, na jumla ya mavuno ya kisiwa ikashuka kwa zaidi ya nusu, ingawa sasa walikuwa na eneo kubwa zaidi la kuvua. Kwa hiyo kanuni zenu ziseme: kufungua kunahitaji kura ileile iliyofunga, makundi yaleyale, na hesabu isomwe kwanza.

Kwetu lilikuja mwaka wa nne. Daftari lilisomwa, la ndani na la nje, aina kumi, na kura ikapigwa kundi kwa kundi. Eneo lilibaki limefungwa. Tulihamisha boya moja tu, la kusini, mita sitini kuelekea ndani, kwa sababu wenye ndoo walituonyesha kwamba tulikuwa tumeziba njia yao ya kwenda kwenye mwamba wa nje.